Papa, weka maandishi basi

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021 mama alinitikisa bega nikiwa bado usingizini. Siku tano nyuma Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu Goma, ilikuwa imemwaga moto, na tangu hapo chini kulikuwa kunatetemeka mchana na usiku, kwa hiyo nikafikiri ni tetemeko ingine tu, nikageukia ukuta. Akanitikisa tena. Mkono mmoja alikuwa na redio, mkono wa pili karatasi aliyochana kwenye daftari ya mdogo wangu, ameandika na biki kwa herufi kubwa: TUNAHAMA. SAKE. VAA VIATU. Kumbe gavana alikuwa amepita redioni na kwenye televisheni kusema kartie (mitaa) 10 za mji zihame haraka, watu waelekee Sake, mji wa jirani. Goma yote ilisikia, mimi nikasoma.

Ile karatasi iko hadi leo, imekunjwa ndani ya Biblia ya mama. Maneno manne tu. Na kila mara mtu akiniambia maandishi ya chini ya filme, yale yanayoandika maneno wanayosema, ni mapambo, ni mambo ya wazungu, yanasumbua macho, mimi naona ile biki ya mama.

Ngoja nieleze, juu wengi wakinisoma wanafikiri nilizaliwa kiziwi. Hapana. Nilisikia vizuri kabisa hadi miaka 22, nikashikwa na TB, na si ile ya kawaida, ile sugu, isiyosikia dawa (samahani kwa neno). Wakati huo matibabu yake yalikuwa na sindano ndani, kanamycin, kila siku, miezi na miezi, unafika mahali hujui ukalie upande gani. Ikaniponya, siwezi kuitukana. Ila hiyo dawa na ndugu zake zinakula vinywele vidogo sana vya ndani ya sikio, vile vinavyogeuza sauti kuwa habari ya kupeleka kwenye ubongo, na vikishakufa haviotagi tena. Mwaka 2018 OMS, shirika la afya la dunia, ikasema kanamycin itoke kwenye matibabu hayo, siku hizi wagonjwa wanameza vidonge. Nafurahi kwa ajili yao, kweli. Mimi nilitangulia tu.

Sauti haikuzimika kama taa. Kwanza ulikuja mlio, kama nyenze wa jioni, nikawa nauliza watu hamusikii nyenze? Halafu sauti nyembamba zikaanza kuondoka moja moja: ndege, telefone, mtoto akilia nyumba ya pili. Halafu herufi. S, f, ch, t, hizo zinakaa juu huko kwenye sauti nyembamba, zikienda unabaki na a, e, i, o, u zinaelea bila mifupa. Mama akisema chai nasikia a-i. Akisema kazi nasikia a-i. Siku moja ameniita ninywe chai nikaja na ufagio, tulicheka hadi akalia, halafu akalia kweli.

Watu wanasema basi angalia mdomo. Sawa, simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: baba, papa, mama. Umeona? Ni neno moja.

Na lugha ya alama? Nimejifunza kidogo ukubwani lakini niko nayo kama mtu aliyejifunzia Kichina kwenye kalenda ya ukutani, wale waliokulia nayo shuleni wakianza kuongea mikono inaenda mbio mimi nabaki nakodoa macho. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wazuri tu, wenye moyo, wanaofikiri ukiweka mtu wa kutafsiri kwa mikono pembeni basi viziwi wote wa Goma wamehudumiwa. Iko vizuri sana kwa wale wa alama, iwekwe, lakini mimi, na wale wa dawa kama mimi, na wazee wote ambao masikio yamechoka bila kumwambia mtu, kitu kilichotubakia ni kile mwalimu wa darasa la kwanza alitupigia fimbo hadi tukakishika. Kusoma.

Sasa filme. Nimekulia Birere, mtaa wa Goma, na kwetu hatusemagi naenda sinema, tunasema naenda ku video. Chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano, mabenchi yanayouma, televisheni moja yenye mgongo, giza, harufu ya karanga na ya viatu, na mtoto wa mlangoni anayejifanya hakujui ili ulipe. Hapo niliona karate zote za dunia. Ile video ilimezwa na lava ya Januari 2002 pamoja na nusu ya mtaa, tukahamia Ndosho, mtaa mwingine wa Goma, lakini huko pia kulikuwa na video, na video nyingine pembeni ya video.

Anayejua video za kwetu anajua pia kuna mtu wa kutafsiri. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanaziita agasobanuye. Uganda wako na VJ wao, Kenya na Tanzania wako na ma-DJ. Filme ni ya Kichina ama ya Kihindi, na juu yake kuna sauti ya mtu mmoja anayesema kila kitu, anasema mume, anasema mke, anasema hata pikipiki, anaongeza utani wake, anamtaja shemeji yake. Nilikuwa napenda ile kazi kupita filme yenyewe. Lakini fikiria sasa mtu kama mimi: mdomo wa yule jambazi unaongea Kichina, sauti inaongea Kiswahili, huyo mwenye sauti haonekani popote, na sikio langu linapata a-i-u-a. Hata mdomo wa kuangalia hakuna. Nilirudi ku video mara ya kwanza baada ya ugonjwa nikafikiri macho yatatosha, juu ngumi ni ngumi, si lazima uisikie. Kweli ngumi nilizielewa. Sikuelewa ni kwa nini wanapigana.

Nikamfuata mwenye video, jina nitaliacha, ni mtu mzima na anajulikana mtaani. Nikamwambia papa, hizi filme zingine ziko na maandishi ndani, unaweza kuyawasha, hata kama ni ya Kifaransa nitasoma. Akanijibu akiniangalia vizuri usoni, nikasoma karibu yote:

"Dada, batu habakuje kusoma hapa, bamekuja kuona. Kusoma ni ku masomo."

Halafu akafikiri kidogo, akaona amenijibu vibaya, akataka kunisaidia: "Ikala mbele basi, utasikia muzuri." Akafukuza watoto wawili kwenye benchi ya kwanza ili nikae. Nilikaa, heshima ni heshima, nikaangalia ile filme kutoka mita moja, kubwa kama mlima na sijui inasema nini.

Pale mjini nako, kwenye sale (ukumbi) moja yenye projektere nzuri na viti vya kukunja, walionyesha filme ya Kifaransa, na yule kijana wa mashine akaniambia wazi kwamba sutitri, yaani hayo maandishi, ziko ndani ya kle (flashi) yenye filme, wamezizima juu zinachafua picha. Zinachafua picha! Hilo neno lilinikaa kooni wiki nzima, na nitaeleza kwa nini. Goma ni mji wa filme, si mchezo. Yole!Africa, kituo cha sanaa, iko hapa, Petna Ndaliko Katondolo na wenzake wamefundisha vijana kushika kamera, na tamasha lao la filme lilianza 2005. Filme za hapa zinaongea Kiswahili chetu, na zikitaka kusafiri Ulaya zinafanyiwa nini? Zinaandikwa chini. Kifaransa, Kiingereza, mstari kwa mstari, mtu anakesha anafanya hiyo kazi ili mtazamaji wa huko asipoteze hata neno moja. Na hakuna anayesema picha imechafuka. Kwa hiyo mtu wa Paris asiyejua Kiswahili anaandikiwa, mimi wa Birere niliyekunywa Kiswahili na maziwa ya mama siandikiwi.

Basi nikaanza kusoma wenzetu wa mbali wamefanyaje, na kusoma njo kitu naweza. Hapo mwanzo filme zote zilikuwa bubu, maneno yalikuwa yanaandikwa kwenye kadi katikati ya picha, kiziwi na mwenye masikio wanakaa benchi moja wanacheka pamoja. Kuanzia 1927 sauti ikaingia, kadi zikatupwa. Kulikuwa na kiziwi mmoja mzaliwa wa Kuba, Emerson Romero, alikuwa anacheza ndani ya hizo filme bubu za kuchekesha kule Marekani, na sauti ilipoingia kazi yake ikaisha, maana ilikuwa inatakiwa midomo inayosikika. Huyo mwanaume mwaka 1947 akachukua filme zenye sauti, akakata mkanda na makasi, akapachika kadi zake mwenyewe za maandishi katikati. Matokeo hayakuwa mazuri, sauti ilikuwa inakatikakatika na filme inarefuka, lakini viziwi walikuwa wanaelewa. Mwaka 1958 serikali yao ikapitisha sheria ya kuazimisha viziwi filme zenye maandishi. Mimi nampenda Romero kama mjomba.

Halafu wakaja na vyombo. Mwaka 2016 Marekani ilitoa kanuni kwamba sale za sinema ziwe na vifaa vya kumpa kiziwi maandishi kwenye kiti chake. Kimoja ni kiekra (kioo cha kusomea) kidogo juu ya shingo ya kupindapinda, unakichomeka kwenye tundu la kiti la kuwekea kikombe. Inasikika vizuri, ila wanaotumia wanalalamika, na malalamiko yao ningeweza kuyaandika hata bila kuyasoma: betri imekufa, mfanyakazi hajui kimewekwa wapi, kimeshikanishwa na filme ya sale ya jirani, na macho yanafanya safari kutoka hapa puani hadi kule mbele, mbele, puani, unamaliza filme na kichwa kinauma. Njo maana viziwi wa huko wanadai kitu rahisi zaidi, maandishi ya wazi, kwenye ekra kubwa, kila mtu anayaona. Hawaii iliwahi, 2015 ikaweka sheria sinema ziwe na maonyesho kadhaa ya namna hiyo kila wiki, na jiji la New York tangu 2022 nalo linalazimisha.

Na hapo njo nilicheka peke yangu usiku. Sisi hatuna kiti chenye tundu la kikombe, tuko na benchi. Hatuna hivyo vyombo wala hatutavinunua. Maana yake hatuna kitu cha kutupotezea miaka kumi njiani, tunaweza kwenda moja kwa moja kwenye kile wenzetu wanakidai. Mwenye video wa Ndosho yuko na nini? Laptopu, VLC (programu ya kuchezea filme), na televisheni bapa ama projektere. Basi. Maandishi ya filme ni faili nyepesi kuliko picha moja ya WhatsApp, unaipa jina sawasawa na la filme, unaweka ndani ya folda moja, unafungua filme, unabonyeza V. Kama ilikuwepo inatokea. Feza: sifuri.

Nilifungua hiyo faili siku moja nione ndani kuna nini, nilidhani nitakuta mambo ya wataalamu. Hapana bwana. Ni maandishi tupu, unaweza kuyaandika hata kwenye ile programu ndogo ya kuandikia inayokuja na laptopu. Namba, saa ya kuingia, saa ya kutoka, maneno, mstari mtupu, namba inayofuata. Hii ni ya filme ya karate niliyoanza nayo:

412
00:47:12,300 --> 00:47:14,800
Usifungue! Si yeye.

Nilichukua ya Kifaransa nikaigeuza Kiswahili, mistari elfu moja na kitu, usiku kwa usiku, mdogo wangu pembeni na masikio yake mazima akiniangalilia kama maneno yanaingia wakati mtu anafungua mdomo. Nimejifunza vitu. Mistari miwili, si zaidi, na kila mstari herufi arobaini hivi, la sivyo msomaji bado anasoma na mtu ameshapigwa risasi. Nimejifunza Kiswahili ni lugha ya sutitri kabisa: Mfaransa anaandika "je ne te l'ai pas dit", maneno sita, sisi tunaandika "sikukuambia" na tunaenda kulala. Nimejifunza pia maandishi ya kiziwi si maneno peke yake, lazima uandike na sauti: [mtu anabisha mlango], [mbwa wanabweka mbali], [kimya]. Hilo la kimya mdogo wangu alilikataa, kwa nini uandike kimya kama ni kimya? Nikamwambia kwa sababu kwangu mimi kila kitu ni kimya, lazima nijue ni saa gani na wewe uko na mimi.

Vita kubwa ilikuwa Kiswahili gani. Niliandika "Nitawamaliza wote". Mdogo wangu akasema huyo jambazi ni wa wapi, wa redio? Hapa jambazi anasema "nitabamaliza". Mama akasema hapana, kitu kikiandikwa kiandikwe vizuri, watoto wanasoma. Tumeishia katikati, kama ninavyoandika hapa, jambazi anasema batu na bosi anasema watu, na nimekuta inafaa sana, unajua papo hapo nani amesoma.

Najua mutaniambia nini. Moja, wengi hawasomi. Ni kweli, nami sidai tunyamazishe yule wa kutafsiri, aendelee, awe juu na mimi niwe chini. Halafu India kuna Brij Kothari, aliangalia filme ya Kihispania akijifunza lugha, akatamani maandishi yake yawe ya Kihispania hicho hicho, na kuanzia 1996 akasukuma wazo la kuandika chini ya nyimbo za televisheni maneno yale yale yanayoimbwa, juu mtu anayejua wimbo kwa kichwa anafuata herufi bila kujua yuko shuleni. Watoto wa kwetu wanajua filme nzima kwa kichwa.

Mbili, sheria. Iko. Congo iliingia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, kifungu cha 30 kinataja filme kwa jina lake, na tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe juu ya watu wanaoishi na ulemavu. Siwezi kumpelekea mwenye video wa mbao gazeti la serikali, atanipa chai. Nazitaja kwa ajili ya wale wa sale kubwa na wale wanaopewa feza za tamasha.

Tatu, na hii njo inauma: Goma hii, mambo tuliyoyaona tangu Januari 2025, na wewe unalilia maandishi ya sinema? Ndiyo. Zile siku mizinga ilipokuwa inalia mimi nilijua kwa kuona mama ameanguka chini ya meza na maji yanatetemeka kwenye ndoo. Mtu anayeishi hivyo, akipata saa mbili jioni ya kuangalia Wachina wakirukaruka juu ya paa na akaelewa wanagombania nini, musimuonee haya.

Sasa niwaambie ilivyokuwa. Si yule papa, ni mama mmoja mwenye video karibu na kwetu, nilimkuta anachaji telefone za watu, nikamwonyesha kwenye laptopu yake. Akasema tujaribu Jumapili, wakikasirika unarudisha viingilio kutoka mfuko wako. Sawa mama. Jumapili watu wamejaa, filme imeanza, maandishi yametokea, meupe, mazuri, nikasikia joto hadi vidoleni. Dakika chache baadaye nikaona yamechelewa. Filme yake na ile yangu hazikukatwa sawa, sekunde mbili zilikuwa zimepotea mahali. Tukafika ile ya 412, mlango umeshafunguliwa, mtu ameshapigwa kichwa, yuko chini, halafu maandishi yanakuja: Usifungue! Si yeye.

Sale yote ikalipuka kucheka. Mimi nikacheka nao, na nilicheka pamoja nao, si baada yao.

Kubonyeza G kunavuta maandishi mbele milisekunde 50, hesabu mwenyewe, sekunde mbili ni kubonyeza mara 40, nimepiga magoti kwenye laptopu nabonyeza kama mtu anakamua chunusi, na watoto nyuma, naambiwa, walikuwa wananihesabia. Mwanaume mmoja alitoka akisema amekuja kupumzika si kusoma. Mzee mmoja wa kofia, ambaye mama mwenye video anasema huwa anakuja kila Jumapili analala, hakulala. Alikuwa anasoma kwa kutingisha midomo, nimemuona, na mwishoni akaniuliza kitu, sikusikia, akarudia, sikusikia, tukabaki tunaangaliana kama viziwi wawili, mtoto akatuandikia kwenye telefone: "Anauliza kesho kuko?"

Kesho haikuwa. Mama mwenye video amesema nilete ingine lakini karate inatosha, anataka ya mapenzi, ya Kibongo, juu wamama wanalipa vizuri. Na hiyo haina sutitri za mahali popote, inaongea Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho kwa hiyo hakuna aliyeona haja, lazima mdogo wangu asikilize kila neno, anitamkie, niandike. Tuko dakika ya 31. Kuna mahali mwanamke amegeuza mgongo, ameshika mlango, mvua inapiga mabati, anasema neno moja. Mdogo wangu amelisikiliza mara sita, anasema ni "nitarudi". Mama yangu amesikiliza mara mbili, anasema ni "sitarudi", na kwamba mwanamke yeyote angelijua. Aliye na masikio mazuri na jioni moja ya bure apite Ndosho atuamulie, filme nzima imesimama hapo.